Jibu la Ukurasa wa Tisa

Lomé, 2 Machi 1997

Shangazi yangu mpenzi Massan,

Umeamkaje huko Accra? Mwanao Folly ameamkaje, na kile kifua chake? Sisi huku tumeamka wote. Mama anakusalimu, goti lake limetulia tangu upepo wa vumbi uishe. Mbuzi wa jirani amekula mpapai wetu, na jirani anasema mpapai ndio uliomfuata mbuzi.

Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, wewe ndiye uliyeniozesha, lakini niache niandike tu, maana nikiliandika naliona. Mimi, Ablavi, mke wa Elom Agbodzan. Picha yake nimeiweka juu ya cherehani, ile ile aliyoipakata Yaovi siku ya harusi kwa niaba ya kaka yake. Wasichana wa mtaani bado wananitania: "Ablavi, bwana harusi wako hana miguu, ameishia kifuani!" Nami nawajibu kwamba kifua chake kinanitosha mpaka miguu ifike.

Nakumbuka uliposimama na ile chupa ya pombe ya jini mbele ya wazee ukaniuliza, "Mwanangu, watu hawa wameleta kinywaji. Tupokee?" Nikasema mpokee. Ukauliza tena. Ukauliza mara ya tatu, na sauti yako ikakatika kidogo, mpaka mama akafikiri unalia. Shangazi, mimi ningejibu hata mara mia! Tangu ile siku Elom alipokuja karakana kwetu kushonewa kitambaa cha msiba wa baba yake, nikawa nampima mabega, akaniambia, "Dada, unanipima au unanikumbatia?", mimi nilikuwa nimeshajibu.

Sasa sikiliza siri. Elom anasema kutoka huko Ulaya kwamba karatasi zitakuwa tayari kabla mwaka haujaisha, na nitakuja kuhojiwa ubalozini huko Accra. Basi nimejiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, jioni nikitoka karakana. Kila Jumapili anapopiga simu kwenye kibanda, mimi namjibu kwa Kiewe kama kawaida, simwambii kitu. Siku nitakayoshuka kwenye ndege nitamwamkia kwa Kiingereza kizima, aangushe funguo za gari!

Mpwa wako mwenye furaha kupita kiasi,
Ablavi


Accra, 23 Machi 1997

Ablavi mwanangu,

Barua imefika inanukia manukato, mpaka dereva wa basi aliyeileta akaniuliza kama nimepata mchumba. Folly anakohoa usiku tu. Tanuri langu la mkate limepata ufa, fundi anasema leo, anasema kesho. Mwambie mama yako asifukuze mbuzi kwa goti hilo.

Nimefurahi kwamba una furaha. Lakini Kiingereza cha nini tena? Mumeo anakijua cha kuwatosha nyote wawili. Mimi niliingia mji huu bila neno hata moja, nikanyamaza, na sikufa. Mke anayeanza kwa kusikia kila kitu hapati usingizi. Nenda kajifunze kuoka keki, huko Ulaya watu wanapenda keki.

Elom kweli hajui? Na Yaovi?

Shangazi yako,
Massan


Lomé, 8 Juni 1997

Shangazi mpenzi,

Umeshindaje na joto? Tanuri limepona? Mama ameanza kutembea hadi sokoni na kurudi. Mbuzi ameuzwa, mpapai umechipua.

Keki hapana, Shangazi, nisamehe. Darasa ni tamu mno! Tuko kumi na wanne, na mwalimu wetu ni mzee Tamakloe, mtu wa Keta, upande wa Ghana, aliyekuwa karani wa forodha. Ana sheria moja: kila Ijumaa kila mtu alete karatasi yoyote ya Kiingereza kutoka nyumbani kwake, asimame, awasomee wenzake. Anasema kitabu ni cha kutembelea, karatasi za nyumbani ndizo za kuishi nazo. Dereva wa lori alileta onyo la kwenye pipa la dawa ya kuulia wadudu, ikagundulika mkewe anatekea maji pipa hilo. Darasa zima lilipiga kelele! Alikimbia nyumbani na chaki mkononi.

Mwenzangu wa dawati ni Akpene, msusi wa nywele, ana mdomo huyo! Tunafanya mazungumzo ya wawili wawili. Ukurasa ninaoupenda ni wa tisa, ambapo mmoja anauliza, "Umeolewa?" na mwingine anachagua jibu, kwa sababu kitabu kimeweka mawili: ndiyo, nimeolewa; hapana, sijaolewa. Namlazimisha Akpene aniulize mpaka anachoka. "Ablavi, nimeshajua umeolewa, Lomé nzima imeshajua, hata samaki lagooni wamejua!"

Halafu tunacheza ubalozi. Akpene anavaa miwani ya mwalimu.

"Wewe mwanamke, unakwenda kufanya nini kule?"

"Nakwenda kukaa na mume wangu."

"Mume gani huyo? Mzuri?"

"Mzuri kuliko wako."

"Hilo halimo kitabuni!" mwalimu anafoka, huku mabega yake yanacheka.

Sentensi hiyo, nakwenda kukaa na mume wangu, naisema nikishona, nikioga, nikisonga ugali. Sasa inatoka yenyewe, siifikirii tena.

Habari kubwa: karatasi za ubalozi zimefika! Yaovi alizileta karakana, nakala mbili, akaniwekea kidole pa kutia sahihi. Wateja walikuwa wamejaa, nikatia sahihi mkasi ukiwa mkono mwingine. Nakala moja ameisahau juu ya cherehani. Nimeikunja nikaiweka nyuma ya picha ya Elom. Bado sijaisoma, maneno ni marefu, lakini jina lake nimeliona na nimelibusu.

Ablavi wako


Accra, 29 Juni 1997

Ablavi,

Sisi hatujambo. Folly amepata kibarua bandarini, hakipendi. Tanuri linafanya kazi.

Naandika haraka, dereva anangoja. Ile nakala mrudishie Yaovi leo hii. Karatasi za ubalozi hazikai kwenye nyumba ya mafuta ya cherehani na watoto wa watu. Na siku ya mahojiano hutasema Kiingereza. Utainamisha kichwa, mkalimani atasema, wewe utaitikia ndiyo. Watu wale wanawapenda wasiojua. Anayejua wanamtilia shaka.

Nisikilize mimi kwa hili, kama ulivyonisikiliza kwa mengine.

Massan


Lomé, 17 Agosti 1997

Shangazi,

Umeamkaje? Folly ameamkaje? Mama hajambo, yuko nje anachambua mlenda, hajui ninaandika nini.

Barua yako ilichelewa, dereva alikuwa mgonjwa. Imefika jana. Ijumaa ilikuwa juzi.

Zamu yangu ilipofika sikuwa na karatasi. Nimeshasoma kopo la dagaa, pakiti ya sindano, kila kitu cha nyumbani. Nikafikiri, Ablavi, unayo karatasi bora kuliko zote, ya nini kuificha? Nilivaa kile kitenge cha harusi. Nikasimama mbele ya wenzangu kumi na watatu nikawaambia, "Leo nawasomea karatasi ya mume wangu." Wakapiga makofi. Akpene akapiga kigelegele.

Nilisoma polepole. Jina langu, vizuri. Tarehe yangu ya kuzaliwa, vizuri. Mstari uliofuata neno lilikuwa gumu, dereva wa lori akanisaidia, na yeye alifurahi kwamba analijua. Mtumishi wa nyumbani. Nikaendelea, Shangazi, kwa sababu ukisoma kwa sauti mdomo unatangulia kichwa. Nikasoma kwamba nimefanya kazi miaka miwili, kupika, kufua na kulea watoto wawili, mmoja wa miaka sita, mwingine wa mitatu. Nikasoma mwajiri: Bwana Elom Agbodzan na mkewe, Bibi Gifty Agbodzan.

Hapo Akpene alikuwa ameacha kucheka. Mimi nilikuwa bado natabasamu, nauhisi uso wangu ulivyo. Nikageuka kumuuliza mwalimu kama nimekosea kusoma. Mzee Tamakloe alivua miwani, akasema, "Hukukosea. Inatosha, mama. Kaa."

Sikukaa. Ilibaki mistari miwili. Nikasoma mahali nilipofanya kazi hiyo miaka miwili: nyumba namba kumi na saba, mtaa wako. Nikasoma shahidi: Massan Amouzou. Na sahihi ile yenye mkia, Shangazi, ule mkia unaouvuta chini ya jina lako, ninaoujua tangu nikiwa darasa la nne, ulipokuwa ukinitumia peremende na barua.

Nakuuliza jambo moja tu. Nani kaandika jina lako pale?

Ablavi


Lomé, 21 Septemba 1997

Shangazi,

Dereva anasema alikupa barua yangu mkononi na ukaisoma umesimama. Wiki tano sasa.

Elom amepiga Jumapili zote. Anauliza nimekula nini. Ananiita ua lake. Mimi namjibu nimekula viazi vikuu vya kukaanga. Sijamuuliza, kwa sababu nikimuuliza yeye kwanza atanidanganya kwa ile sauti yake, nami nitaamini. Nataka kuusikia ukweli kwako kwanza, wewe ambaye sauti yako siipendi hivyo.

Ablavi


Accra, 12 Oktoba 1997

Ablavi mwanangu,

Mama yako hajambo? Umwambie nampelekea mkate wa sukari kwa dereva huyu huyu.

Sahihi ni yangu.

Usiichane hii barua kabla hujafika mwisho. Elom ana mke kule, aliyemwoa kwa karatasi za serikali, na watoto wawili. Nilijua kabla ya harusi. Yaovi alinieleza, kwenye kibaraza changu hapa, kwamba kaka yake amekupenda kweli, hali chakula, na kwamba mke wa pili haingii nchi ile kwa mlango wa mke. Basi aingie kwa mlango mwingine. Karatasi ni karatasi. Ukishafika, mambo yatapangika. Elom atakutafutia chumba. Yule Gifty hatajua, au atajua na atazoea, kama wanawake wanavyozoea.

Unajua mimi niliingiaje mji huu? Wewe ulikuwa hujazaliwa. Marehemu mume wangu alinitambulisha kwa majirani kuwa dada yake. Miaka kumi na moja nilipika kwenye nyumba ile, nikamwita mwanamke mwingine "Madamu", na Folly alijifunza kumwita baba yake "mjomba". Nilijifunza Kiingereza jikoni, kwa kusikiliza, na sentensi ya kwanza niliyoielewa kabisa ilikuwa inanihusu mimi. Ndiyo maana nilikwambia uache. Hukusikia. Wewe hujui nilikuwa nakukinga na nini.

Utauliza kwa nini nilikubali. Elom ameahidi kwamba baada yako atamchukua Folly. Folly ana miaka thelathini, anabeba magunia na kifua kile. Sasa umejua yote.

Na ile siku sauti yangu ilikatika mara ya tatu, sikulia. Nilikuwa naomba useme hapana.

Mahojiano ni tarehe kumi na mbili Novemba, saa tatu asubuhi. Utakuja ulale kwangu. Utaulizwa maswali machache. Ukiulizwa Elom ni nani kwako, sema ni bosi wangu. Neno moja tu, mwanangu. Halafu uende ukawe naye. Si ndicho unachotaka? Au ulichokitaka ni jina tu la kuwaonyesha wasichana wa mtaani?

Massan


Lomé, 14 Desemba 1997

Shangazi,

Umeamkaje? Folly ameamkaje? Mama yupo, na mkate wako wa sukari aliula wote, hakujua ulikuja na habari gani, nami sikumwambia.

Unataka kujua yaliyotokea kule ndani ya ubalozi. Ulinisubiri nje ya geti na chupa ya maji na yai la kuchemsha. Nilipotoka ukauliza, "Wamesemaje?" Nikasema watatuma jibu. Ukauliza kama niliinamisha kichwa, nikakwambia ndiyo. Halafu ukaenda kununua sabuni, na mimi nikaenda kituoni nikapanda gari la kurudi mpakani Aflao na yai lako mkononi. Samahani kwa kuondoka bila kuaga. Sikuwa na lugha yoyote ile ya kuagia.

Basi nakueleza. Nilikuja Accra nimeamua kusema unavyotaka. Usifikiri nilikuja kwa hasira. Usiku mzima kwako, kwenye ule mkeka, nilijifunza: ni bosi wangu, ni bosi wangu. Nilikubali, Shangazi. Nilifikiri, nitafua nguo zake, nitakuwa najua ni shati lipi analovaa siku ya simu. Nitawalea wanawe. Nitamwita yule mwanamke Madamu. Ndivyo nilivyompenda, mpaka huko. Liandike mahali ulikumbuke, kwa sababu mimi najaribu kulisahau.

Aliyenihoji alikuwa mwanamke, wa makamo, mpole, ana mafua. Mkalimani alikaa pembeni. Akauliza kuhusu kupika, mkalimani akasema, nikaitikia. Akauliza kuhusu watoto, nikaitikia. Kisha akafungua ukurasa wa pili akauliza Elom ni nani kwangu. Mkalimani akanitafsiria, nami nikaitafuta ile sentensi ya mkekani. Akauliza tena, polepole, akiniangalia mimi na si mkalimani. Akapenga kamasi, akainama mbele kidogo, akauliza mara ya tatu.

Mara ya tatu, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiulizwa mara tatu mbele ya watu, anachojibu ndicho. Na sentensi ile ilikuwa imekaa kinywani mwangu miezi minane. Niliisema kwenye cherehani, bafuni na jikoni. Ilitoka yenyewe, kwa Kiingereza safi, bila kosa hata moja: nakwenda kukaa na mume wangu.

Mkalimani akafunga macho. Yule mama akaweka kalamu chini, akaniomba nirudie. Nikarudia. Sikuwa na nyingine.

Hakunifokea. Alisema Kiingereza changu ni kizuri, akauliza nilijifunza wapi. Kisha akachukua karatasi nyingine akaanza kuandika, na aliandika muda mrefu.

Jibu limekuja: hapana, na si sasa tu. Yaovi alikuja karakana na barua hiyo mkononi. "Umemuua kaka yangu! Wamemwandikia mpaka nyumbani kwake, yule mwanamke amefungua bahasha! Nani alikutuma kusoma? Mshona nguo, Kiingereza cha nini?" Wateja walikuwepo. Nilimwambia, "Yaovi, suruali yako iko tayari, nimeipunguza kiuno." Akaenda na suruali.

Elom alipiga mara moja, Jumapili ile. Hakuniita ua. Aliniuliza kwa Kiewe kwa nini, nami nikamjibu kwa Kiingereza, ile salamu yote niliyomtunzia ya uwanja wa ndege, kuanzia hujambo mpenzi wangu hadi nilikuwa nakungoja. Nilimaliza yote. Akakata, laini ikawa inalia tu. Mwenye kibanda hakunitoza kwa muda ule. Sasa ni Jumapili ya pili siendi.

Kwa dereva huyu nakutumia chupa ya jini, ya aina ile ile, nimezunguka soko zima kuipata. Ile ya harusi wazee waliinywa, huwezi kurudisha kilichonywewa, kwa hiyo nimenunua mpya. Mimi siwezi kuipeleka kwao, unajua desturi: aliyepokea mbele ya watu ndiye anayerudisha mbele ya watu. Ni wewe. Najua ukiirudisha, safari ya Folly nayo imekufa. Usipoirudisha, mimi ni mke wa Elom Agbodzan mpaka nizeeke, wa kifua bila miguu. Sikuamulii. Wewe uliniamulia, na uliona inavyokuwa.

Darasa naendelea nalo. Mwalimu ameniweka nikae na wapya, niwasikilize mazungumzo. Jana nilipewa kijana mmoja fundi wa kuchomea vyuma, ana haya, vidole vimeungua. Alifungua kitabu, akakisogeza karibu na macho, akanisomea swali la ukurasa wa tisa vizuri kabisa, kisha akangoja. Akpene aligeuka kutoka dawati la mbele. Wote waligeuka. Yule kijana akafikiri hakusikika, akauliza tena, kwa sauti zaidi.

Nilifunika kitabu chake kwa mkono kabla hajauliza mara ya tatu. Nikamwambia tutarudi hapo siku nyingine.

Kitabu kina majibu mawili tu, Shangazi. Siku utakayoirudisha chupa, kama utairudisha, niandikie mstari mmoja, nijue nimpe lipi.

Ablavi